Joseph Kekuku, kijana wa Hawaii aliyelaza gitaa mapajani

Ukisikiliza muziki wa zamani redioni, mara moja moja utakutana na gitaa ambalo halidonoi sauti moja moja kama magitaa mengine. Linavuta. Sauti inaanzia chini, inapanda polepole kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, inatetemeka kidogo, kisha inazimika. Asiyejua anaweza kudhani ni mtu anaimba, au ni filimbi. Kumbe ni nyuzi za gitaa zilizopitiwa juu na kipande cha chuma.

Gitaa hilo halipakatwi kifuani. Mpigaji anakaa kitini na kulilaza mapajani, nyuzi zikitazama juu. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi, na mkono wa kushoto, badala ya kubonyeza kwa vidole, unatelezesha chuma juu yake. Mtu anayetajwa zaidi kuwa ndiye aliyeanzisha upigaji huu ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Laie, kisiwa cha Oahu, Hawaii. Ni visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki, karibu upande wa pili kabisa wa dunia ukihesabu kutoka hapa Bashay. Jina lake kamili ni refu mno kuliandika hapa. Ukoo wake ni Apuakehau, na ndani ya jina lake la kuzaliwa limo jina la Kamehameha, mfalme aliyeviunganisha visiwa hivyo kuwa nchi moja.

Kabla ya kumfuata Kekuku, tueleze kwanza gitaa lilifikaje huko, maana kisa chenyewe ni cha ng'ombe, na wafugaji wa Mbulu na Hanang watakielewa haraka kuliko watu wa mjini. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza aitwaye George Vancouver alimpelekea Mfalme Kamehameha zawadi ya ng'ombe. Visiwa hivyo havikuwa na mnyama huyo. Mfalme akapiga marufuku wasichinjwe ili wazaane. Wakazaana kweli, wakawa wanyama wa mwituni, wakavamia mashamba na kuwatisha watu. Mnamo miaka ya 1830 ufalme ukaleta wachungaji wapanda farasi kutoka Mexico wawafundishe wenyeji kuwakamata na kuwachunga. Wachungaji hao walikuja na kamba, matandiko na magitaa yao.

Wenyeji wakalichukua gitaa wakalifanya lao. Jambo kubwa walilofanya ni kulegeza baadhi ya nyuzi, hivi kwamba ukizipiga zote bila kubonyeza popote unasikia sauti zinazopatana. Hilo shikeni, wasikilizaji wetu, kwa sababu bila nyuzi kulegezwa namna hiyo kipande cha chuma cha Kekuku kisingefaa kitu. Chuma kilichonyooka hubana nyuzi zote mahali pamoja. Kama nyuzi hazipatani zenyewe kwa zenyewe, utapata kelele tu.

Kekuku alikulia katika mazingira hayo. Laie ilikuwa makazi ya waumini wa Kanisa la Mormoni, watu wa kuimba, na binamu yake Sam Nainoa alipiga fidla. Mnamo mwaka 1889 alikuwa mwanafunzi wa shule ya wavulana ya Kamehameha jijini Honolulu, iliyofunguliwa miaka miwili kabla kwa mali iliyoachwa na Bintimfalme Bernice Pauahi Bishop. Shule hiyo ilifundisha kazi za mikono: useremala, uhunzi, karakana ya mashine. Kwa hiyo kijana huyu alikuwa na vitu viwili ambavyo ni nadra kukutana mahali pamoja. Alikuwa na sikio la muziki, na alikuwa na ruhusa ya kuingia penye tupa, vyuma na mashine za kukata.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni kwamba alikuwa akitembea kando ya reli huku akipiga gitaa, akaokota bolti, na bolti ile ilipogusa nyuzi akasikia sauti iliyomshangaza. Wengine husema ilikuwa kitana, kilichomponyoka mfukoni kikaangukia nyuzi. Wengine husema ni mgongo wa kisu cha kukunja. Wapo pia wanaorudisha jambo hilo nyuma hadi 1885, akiwa bado mtoto wa miaka kumi hivi huko Laie. Sisi hatuoni haja ya kuchagua kati ya bolti na kitana. Chuma kimeangukia nyuzi mara nyingi duniani na watu wakakiondoa wakaendelea na wimbo wao. Kilicho cha Kekuku ni alichofanya baadaye, na hapo tunataka kukaa kidogo.

Alijaribu kitu kimoja baada ya kingine. Kitana ni chepesi, kinaleta mngurumo kama wa nyuki. Mgongo wa kisu ni afadhali, lakini ni mwembamba na hauna uzito, sauti inakatika mapema. Sababu yake si ngumu. Chuma kinapokaa juu ya uzi, ndicho kinachoamua uzi utikisike kuanzia wapi. Kikiwa chepesi, uzi unakitikisa chenyewe na nguvu ya sauti inapotelea humo. Kikiwa kizito na laini, kinatulia, na uzi unaendelea kuimba. Kekuku akaenda karakana ya shule akajitengenezea kipande cha chuma cha pua, laini, kinachojaa mkononi.

Likaja tatizo la pili. Magitaa mengi ya wakati ule yalikuwa na nyuzi za utumbo wa mnyama, na chuma juu ya utumbo hakitoi mlio wa maana. Akahamia nyuzi za waya wa chuma. Tatizo la tatu: nyuzi za gitaa la kawaida hukaa karibu sana na shingo, na kila chuma kilipotelezeshwa kiligonga vile vyuma vidogo vilivyopandwa shingoni, kikatoa mkwaruzo. Akazinyanyua nyuzi juu zaidi ya shingo ili kipande chake kielee hewani bila kugusa ubao.

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipoanza. Kwenye gitaa la kawaida, kile chuma cha shingoni kinamsaidia mpigaji: akibonyeza karibu nacho, sauti inatoka ile ile sahihi hata kama kidole hakikukaa vizuri. Kwenye gitaa la kulaza msaada huo haupo. Chuma kikisogea upana wa punje ya mtama tu, sauti inakuwa ya uongo. Anayepiga zeze kwa upinde anaijua shida hiyo, kwani zeze nalo halina alama shingoni. Sikio ndilo linalouongoza mkono. Inaelezwa kwamba Kekuku alitumia miaka saba hadi akaridhika na upigaji wake. Miaka saba kwa kipande cha chuma.

Kama kuna gitaa kuukuu la kwaya linalokaa bila kazi, jambo hili linaweza kujaribiwa nyumbani kwa gharama ndogo. Chukua kijiti kigumu cha mviringo au msumari mnene, ukipitishe chini ya nyuzi pale zinapoanzia karibu na vikazio, ili zinyanyuke. Legeza uzi wa kwanza, wa tano na wa sita, kila mmoja ushuke nafasi mbili za shingoni. Huu ndio ulegezaji unaopendwa zaidi na wapigaji wa Hawaii hadi leo. Laza gitaa mapajani. Tafuta chuma laini, kwa mfano pini nene ya mashine isiyo na kutu. Bolti yenye meno usitumie, italia vibaya na kukwaruza nyuzi. Chupa ndogo nene ya dawa pia inafaa kwa kuanzia.

Sasa usikandamize. Uzito wa chuma wenyewe unatosha. Kiweke juu kabisa ya kile chuma cha shingoni, si nyuma yake kama vidole vinavyozoea. Donoa uzi, kisha sogeza taratibu hadi alama ya mbele, na usimame pale pale sauti inapokaa sawa. Wengi hushindwa kusimama; kuteleza kila mtu anaweza. Halafu laza vidole vilivyobaki nyuma ya chuma, viguse nyuzi kidogo, maana zile sehemu za nyuma nazo hutikisika na kuleta kelele za pembeni. Ukishaweza hayo, tikisa chuma mbele na nyuma kidogo mno, utasikia ule mtetemo unaofanana na koo la mwimbaji. Baadaye wapigaji wa Hawaii waliendelea mbali zaidi, wakawa wanakilaza chuma mshazari ili uzi mmoja ubanwe mahali tofauti na mwenzake, wakapata sauti ambazo chuma kilichonyooka hakiwezi kutoa.

Je, kweli Kekuku ndiye wa kwanza? Ubishi huu una miaka zaidi ya mia moja. Wapo wanaomtaja Gabriel Davion, mzaliwa wa India ambaye inasimuliwa alichukuliwa mtoto na nahodha wa meli akafikishwa Honolulu, na ambaye watu walimwona akitelezesha kitu juu ya nyuzi mnamo miaka ya 1880. Wapo wanaomtaja pia James Hoa. Habari ya Davion ina uzito, kwa sababu India ina ala za kale ambazo hupigwa kwa kutelezesha kipande cha mti au kioo juu ya nyuzi. Na huko kusini mwa Marekani, watu weusi, wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani, walikuwa wakiwamba waya mmoja ukutani na kuupiga kwa chupa au kisu.

Maoni yetu ni haya. Wazo la kutelezesha kitu juu ya uzi halina mwenyewe, na Davion huenda alilifanya mbele ya Kekuku. Lakini chuma kilichochongwa kwa kazi hiyo, nyuzi za waya zilizonyanyuliwa, na utaratibu ambao mtu mwingine angeweza kufundishwa, hivyo vimeshuhudiwa kwa Kekuku kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Wenzake wa shule walikaa karibu naye wakamwiga, wakaenda nao kisiwa kwa kisiwa.

Wakati yeye anahangaika na chuma chake, nchi yake ilikuwa inaondoka mikononi mwa wenyewe. Wenyeji wa Hawaii walikuwa wamepukutika kwa magonjwa ya kigeni hadi kubaki karibu 40,000 ilipofika 1890. Tarehe 17 Januari 1893 wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Marekani, walimpindua Malkia Liliuokalani, huku wanajeshi wa meli ya kivita ya Marekani wakiwa wameshuka pwani. Malkia huyo mwenyewe alikuwa mtunzi wa nyimbo. Mwaka 1895 alifungiwa chumbani katika kasri lake. Mwaka 1896 sheria ikaamuru shule zifundishe kwa Kiingereza, na mwaka 1898 visiwa vikafanywa mali ya Marekani. Ni miaka ile ile ambayo Wajerumani walikuwa wakijipenyeza katika bara letu, hivyo hali hiyo si ngeni kwetu.

Mwaka 1904, akiwa anakaribia miaka 30, Kekuku alipanda meli kwenda Marekani. Hakurudi tena kuishi kwao. Alizunguka majukwaa ya miji mikubwa na midogo, kwanza na wenzake wa Hawaii wachache, akipiga na pia akifundisha. Watu walikuja kuona gitaa lililolazwa na mtu anayelipiga kwa chuma, kama mazingaombwe, wakaondoka wakilipenda. Mwaka 1912 mchezo wa kuigiza uitwao The Bird of Paradise, wenye wapigaji kutoka Hawaii, ulifunguliwa jijini New York na baadaye ukazungushwa nchi nyingi. Hadithi yake iliwachora watu wa visiwani kama wajinga wazuri wa kutazamwa. Mwaka 1915 yakafuata maonyesho makubwa ya San Francisco, na baada ya hapo santuri za muziki wa Hawaii zikauzika Marekani kuliko karibu muziki mwingine wowote.

Tunaona hapa jambo chungu kidogo. Taifa lililonyang'anya nchi lilikuwa likicheza muziki wa walionyang'anywa. Na wapigaji wenyewe walilazimika kuvaa mashada ya maua na kutabasamu, kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwa inalipa. Lakini pia walisafiri, walilipwa, na walikuwa walimu wa watu ambao nyumbani wangewaamuru. Yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Mwaka 1919 Kekuku alivuka kwenda Ulaya na mchezo ule ule, akazunguka huko miaka minane. Alipiga mbele ya watu wa kawaida na mbele ya wafalme. Aliporudi Marekani alikaa Chicago akiendesha mafunzo ya gitaa, kisha akahamia mji mdogo wa Dover, katika jimbo la New Jersey, akaendelea kufundisha. Mbinu ya mkono haina hataza. Mwanafunzi akishailipia saa yake moja, anaondoka nayo. Viwanda vya magitaa viliuza maelfu ya magitaa ya kulaza, vitabu vya mafunzo vikachapwa, na yeye aliishi kwa ada za wanafunzi.

Alifariki tarehe 16 Januari 1932 kwa damu kuvujia kwenye ubongo, akiwa na miaka 57. Alizikwa Dover, mbali na bahari ya kwao.

Mwaka huo huo wa 1932 kampuni iliyojulikana baadaye kama Rickenbacker ilianza kuuza gitaa la umeme lililobuniwa na George Beauchamp. Lilikuwa dogo, la aluminiamu, lenye mwili wa duara na shingo ndefu, hata likapewa jina la utani la kikaango. Ndilo gitaa la kwanza la umeme kupata soko, na lilikuwa gitaa la kulaza mapajani. Wateja wa kwanza wa umeme walikuwa wapigaji wa mtindo wa Hawaii, kwa sababu ukumbi ulipojaa sauti yao ndiyo iliyomezwa kwanza na tarumbeta na ngoma. Hivyo gitaa la solo unalolisikia kwa Mbaraka Mwinshehe au bendi yoyote ya muziki wa dansi lina babu aliyelazwa mapajani, ingawa wengi wanaolipiga hawajui.

Chuma chenyewe nacho kilitembea. Wapigaji wa Hawaii walizunguka Asia, na gitaa lao likaingia hadi katika nyimbo za filamu za Kihindi, zile zilizojaza kumbi za sinema kutoka Zanzibar hadi Arusha. Huko Nigeria, King Sunny Ade aliliingiza gitaa la aina hiyo katika bendi yake. Marekani, mwimbaji Jimmie Rodgers, aliyefariki 1933, aliwaita wapigaji wa gitaa la Hawaii wamsindikize kwenye baadhi ya santuri zake, na santuri za Rodgers zilifika Kenya kwa Wakipsigis. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kikipsigis pale Kapkatet wakimwimba kwa jina la Chemirocha, wakimfikiria kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Kapkatet si mbali na sisi. Ukivuka Serengeti na mpaka, umefika.

Jina la Kekuku lenyewe lilibaki kwa wapigaji tu kwa muda mrefu. Mwaka 1993, miaka 61 baada ya kuzikwa, aliingizwa katika orodha ya heshima ya wapigaji wa gitaa la chuma huko Marekani, akiandikwa kuwa ndiye mwanzilishi. Wanaomtetea Davion bado hawajakubali.